Kifungu cha Saba

Kanuni za Jibini la Bonde zina kurasa kumi na moja. Kifungu cha saba, kwenye ukurasa wa nne, kilikuwa kikisema hivi: “Jibini hutiwa chumvi kwa mkono mara mbili, siku ya kwanza na siku ya tisa, kama walivyofanya wenyeji wa Bonde vizazi kwa vizazi.” Katika sentensi hiyo mkono ni kweli na siku ni kweli. Wenyeji si kweli, na vizazi si kweli.

Aliyeanza kutia chumvi mara ya pili hakuwa mwenyeji. Alianza miaka ishirini na tatu iliyopita, Jumanne moja asubuhi, akiwa na siku tisa tu kazini.

Alikuwa ametoka nchi nyingine, na mume, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Kwao chumvi ilifika kwa magunia yaliyolowa. Bibi yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akilipaka jibini chumvi siku ya kwanza huku akijua kwamba nusu itayeyuka na kutiririka sakafuni. Kwa hiyo siku ya tisa alirudia. Katika Bonde chumvi ilichimbwa ardhini na ilikuwa kavu kama vumbi la chaki. Hapakuwa na sababu ya kurudia. Yeye alirudia kwa kuwa siku ya tisa ilifika, na mikono yake ilijua kazi ya siku ya tisa. Hakumuuliza mtu.

Mwenye chumba cha jibini, aliyemwajiri, alimkuta ameshamaliza majibini arobaini.

“Wewe mwanamke,” alisema, “tunauza chakula au tunauza mawe ya kulambwa na ng'ombe?”

Alimtukana siku tatu mfululizo, na siku ya tatu akampa jina, Mara Mbili, ili kila mfanyakazi akimwita akumbuke hasara. Majibini yale arobaini yalisukumwa rafu ya chini kabisa, yangoje kutupwa. Hakuna aliyekumbuka kuyatupa. Baada ya miezi mitano mwenye chumba aliinama kutafuta ndoo, akayaona, akapasua moja. Ganda lilikuwa jembamba na gumu, ndani laini, na ule uchungu ulioingia kila jibini la Bonde kuanzia mwezi wake wa nne rafuni haukuwamo. Hakumwomba radhi. Kesho yake aliagiza kwamba tangu sasa chumvi itatiwa mara mbili. Mwaka uliofuata chumba cha jirani kiliiga, na baada ya miaka minne hapakuwa na chumba Bondeni kilichotia mara moja. Jina la utani lilibaki, ila sumu ilikuwa imekwisha ndani yake, na hata watoto wa mwenye chumba walimwita hivyo huku wakimning'inia shingoni.

Usajili wa jina ulikuja baadaye. Viwanda vya nchi nyingine vilikuwa vikiandika “Bonde” kwenye maboksi ya jibini ambalo halijawahi kuiona hata picha ya Bonde. Watengenezaji wakaunda chama, wakaajiri wakili, wakaomba sheria iwalinde. Hasira yao ilikuwa ya haki, na Mara Mbili alikuwa na hasira hiyo hiyo pamoja nao. Mtaalamu wa kuandika kanuni alipofika, chama kilimpeleka kwenye chumba bora, na katika chumba hicho mtu aliyejua kazi kuliko wote alikuwa yeye. Mtaalamu alimfuata siku kumi na moja na daftari na kipimajoto. Alipima joto la maziwa kila Mara Mbili alipoyapima kwa kiwiko. Alihesabu mara alizogeuza kila jibini. Aliandika chumvi ya siku ya kwanza, na ya siku ya tisa. Alipouliza desturi hiyo ina umri gani, alimuuliza mwenye chumba, si mwenye mikono, na mwenye chumba akamjibu, “Ah, ya siku nyingi.” Picha iliyo kwenye jalada la kanuni inaonyesha mikono miwili juu ya jibini. Ni mikono yake, imekatwa na ukingo wa picha juu kidogo ya viwiko.

Kisha mpima ardhi alichora mpaka wa eneo linaloruhusiwa kutumia jina. Aliupitisha katikati ya mto, maana mto tayari upo kwenye ramani na hausumbui. Upande wa huku vilibaki vyumba vya jibini na nyumba za wenye vyumba. Upande wa pili, Ng'ambo, walikaa wale waliokuja kufanya kazi. Ng'ombe wa Bonde huvuka mto na kulisha Ng'ambo miezi mitano kila mwaka. Wakirudi, maziwa yao yanahesabiwa kuwa ya Bonde.

Mwenye chumba alifariki. Mwanawe wa kwanza akarithi chumba, na baada ya muda akawa mwenyekiti wa chama. Miaka mitatu iliyopita Mara Mbili aliacha kazi, akakodi ghala la mawe Ng'ambo, umbali wa hatua mia nne na kumi na mbili kutoka darajani, akaanza kutengeneza jibini lake mwenyewe. Maziwa alinunua kwa wafugaji wale wale. Aliomba muhuri wa jina. Akajibiwa kwamba yuko nje ya mpaka. Aliandika kwenye karatasi ya kufungia, “Jibini kwa mtindo wa Bonde.” Wakili wa chama akamwandikia kwamba “mtindo wa” nao umekatazwa. Aliandika, “Jibini la jirani na Bonde.” Wakili akamwandikia tena. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Bila jina, jibini lake lilikaa dukani kwenye kona ya vitu visivyojulikana, na wanunuzi walilibonyeza kwa kidole na kulirudisha. Kwa hiyo aliandika ombi kwa ofisi ya usajili: mpaka usogezwe hatua mia nne na kumi na mbili. Ofisi ikapanga siku ya kikao.

Wiki moja kabla ya kikao, mwenyekiti na wakili walivuka daraja na kubisha mlangoni kwake. Binti yake, ambaye kwa miaka minne alikuwa akifanya kazi katika chumba cha mwenyekiti, aliwafungulia na kuwavutia viti.

“Shikamoo, mama,” alisema mwenyekiti.

“Marahaba. Karibuni. Na huyu naye kaja kuniandikia barua ya tatu?”

Wakili alicheka kwa adabu. “Leo tumekuja kwa heri, mama. Tunaweza kumaliza jambo hili kifamilia.”

“Familia ya nani?”

“Mama, usianze,” alisema binti yake.

Mwenyekiti alieleza. Kiwanda kimoja cha nje kilikuwa kimelipinga jina la Bonde. Kilidai kwamba chama hakina ushahidi wowote wa kifungu cha saba, kwamba hakuna kitabu wala mtu anayeweza kuonyesha kuwa wazee wa Bonde walitia chumvi mara mbili. Ofisi ya usajili ilitaka ushahidi huo, na ilitaka uletwe kwenye kikao kile kile cha ombi lake. Wakili akatoa karatasi moja mkobani, akaiweka mezani, akaielekeza kwake kwa kidole kimoja.

Aliisoma mwenyewe. Ilikuwa na sentensi tatu. “Mimi, mfanyakazi wa zamani, nathibitisha kwamba nilipofika Bonde nilikuta jibini likitiwa chumvi mara mbili. Nilifundishwa kazi hiyo na marehemu mwenye chumba. Yeye aliniambia kwamba alifundishwa na baba yake.”

“Ukisaini,” alisema wakili, “chama hakitapinga kusogezwa kwa mpaka. Utapata muhuri kabla ya mvua.”

“Na nisiposaini?”

“Chama kitalazimika kupinga.”

“Kitalazimika,” alirudia Mara Mbili. “Maskini. Nani anakilazimisha?”

Mwenyekiti alisogeza kiti karibu. “Mama, wewe ndiye uliyenilea. Nilipougua surua ulinibeba wewe. Hii ni karatasi tu. Baba hayupo, haimdhuru. Bibi yako, Mungu amrehemu, hayupo pia. Tunamdhulumu nani?”

“Baba yako aliniita mpumbavu siku tatu kwa hiyo chumvi. Leo unataka niseme yeye ndiye aliyenifundisha?”

“Alikuwa mkali. Unamjua.”

“Namjua. Ndiyo maana nauliza.”

Hakusaini. Alisema atajibu kikaoni, akaikunja karatasi mara nne na kuiweka mfukoni. Wageni walipoondoka, binti yake alibaki amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Umetafuta muhuri miaka mitatu. Umeletewa mpaka mezani. Saini, mama! Chumvi haina mwenyewe.”

“Kama haina mwenyewe, kwa nini wanataka saini yangu?”

“Kwa sababu wanaihitaji.”

“Mimi nilipouhitaji muhuri, walinipa ramani.”

“Na mimi je? Ninafanya kazi kwake. Unafikiri kesho ataniangalia vipi?”

Swali hilo lilikuwa la haki. Mara Mbili alisema tu kwamba ugali wa mtu haupikwi kwa uongo wa mtu mwingine, kisha akajua kuwa amesema neno zuri lisilo na msaada.

Kikao kilifanyika ukumbi wa chama, saa nne asubuhi. Afisa wa usajili, mwanamke mwenye sauti ndogo na kalamu tatu, alikaa mezani peke yake. Wenye vyumba walikaa mbele. Wafanyakazi, karibu wote watu wa Ng'ambo, walisimama nyuma kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Mwakilishi wa kiwanda cha nje alikaa pembeni na kuandika bila kuinua kichwa.

Mwenyekiti alizungumza vizuri. Alieleza historia ya Bonde, majani yake, maji yake, subira ya wazee wake. Kisha akanyoosha mkono kumwelekea shahidi wake.

“Mheshimiwa afisa, sisi hatuna vitabu. Sisi vitabu vyetu ni watu. Huyu hapa ni mama yetu. Ameishi nasi, amekula nasi, ametulea. Nani ataeleza kifungu cha saba kuliko yeye? Mara Mbili, tafadhali, simama.”

Afisa aliinua kichwa. “Nani?”

“Huyu mama.”

“Umemwitaje?”

“Mara Mbili.” Mwenyekiti alitabasamu. “Samahani, mheshimiwa. Ni jina la utani tu. Tumezoea.”

“La tangu lini?”

“Zamani sana. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule.”

“Nani alimpa?”

“Marehemu baba.”

“Kwa nini?”

Mwenyekiti alifungua mdomo. Wakili alikuwa ameshatazama dari. Afisa alingoja, kisha akauliza tena kwa sauti ile ile ndogo, “Alifanya nini mara mbili, ambacho wengine hawakukifanya?”

Mzee mmoja wa kukamua maziwa, nyuma ya ukumbi, alisema kwa sauti ambayo labda alidhani ni ya chini, “Ni sawa na kuniita mimi Miguu Miwili.”

Ukumbi ulicheka. Wenye vyumba hawakucheka. Mwakilishi wa kiwanda cha nje, kwa mara ya kwanza, aliacha kuandika.

Wakili alisimama haraka. “Mheshimiwa, kuna maelezo ya maandishi ya shahidi. Mama, tafadhali, toa ile karatasi.”

Mara Mbili aliitoa mfukoni, akaikunjua, akaiweka mbele ya afisa. “Hii waliandika wao. Haina saini.”

“Mama,” alisema mwenyekiti, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba kweli, “mama yangu, fikiri.”

“Usiniite mama hapa.” Hakupaza sauti. “Nyumbani kwangu niite mama, nitaitika. Hapa mmeniita shahidi. Miaka ishirini nilikuwa mama yenu wakati wa kazi. Mlipochora mpaka mkawa hamna mama. Leo kiwanda kimewabana, mama kapatikana.”

“Jibu kuhusu kifungu,” alisema afisa. Hakusema kwa ukali.

Alijibu. Alisema siku aliyofika, siku aliyoanza, idadi ya majibini, hali ya chumvi ya kwao na chumvi ya Bonde. Alisema kwamba alichofanya siku ile kilikuwa kosa, kwa sababu hakikuwa na haja, na kwamba kosa lilitengeneza jibini zuri. Alisema kwamba hakuiba kwa mtu na hakufundishwa na mtu wa Bonde. Alisema kuwa hajaja kuwanyang'anya jina. Amekuja kuomba hatua mia nne na kumi na mbili.

Afisa akauliza kama kuna yeyote mwingine aliyekuwapo wakati huo. Kisha mjane wa mwenye chumba, mama yake mwenyekiti, ambaye aliletwa kukaa mstari wa mbele kwa heshima tu, aligonga sakafu kwa fimbo.

“Mimi nilikuwapo.”

“Mama, huna haja,” alisema mwanawe.

“Nyamaza wewe, ulikuwa unanyonya kidole.” Alimgeukia afisa. “Mume wangu alitia chumvi mara moja. Baba mkwe wangu mara moja. Jibini lao la miezi minne lilikuwa chungu, tulikuwa tunawapa wageni tusiowapenda. Huyu ndiye aliyeharibu chumvi yetu, na ndiye aliyetufanya tukavaa viatu. Sasa andika, au nirudie?”

Afisa aliandika.

Uamuzi ulifika baada ya wiki sita, kurasa mbili. Binti yake aliusoma kwa sauti, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ndani ya ghala, kati ya rafu.

Ukurasa wa kwanza ulihusu mpaka. Ombi limekataliwa. Ofisi ilikubali kwamba ng'ombe ni wale wale na kwamba ustadi wa mwombaji hauna shaka. Lakini kwa kuwa mwombaji mwenyewe ameeleza kuwa ustadi huo aliuleta kutoka nchi nyingine, maelezo yake hayaonyeshi uhusiano wowote kati ya Ng'ambo na historia ya jina.

“Soma tena,” alisema Mara Mbili.

Binti alisoma tena.

“Kwa hiyo nimejinyonga kwa kweli yangu mwenyewe.”

“Ndivyo wanavyosema.”

“Endelea.”

Ukurasa wa pili ulihusu kifungu cha saba. Pingamizi la kiwanda limekubaliwa kwa sehemu. Jina la Bonde litabaki. Kifungu kitasahihishwa ili kilingane na desturi iliyothibitishwa na mashahidi: “Jibini hutiwa chumvi kwa mkono mara moja, siku ya kwanza, kama walivyofanya wenyeji wa Bonde vizazi kwa vizazi.” Mkaguzi atapima chumvi. Chumba kitakachotia mara mbili kitanyang'anywa muhuri.

Binti yake alikunja karatasi. “Leo asubuhi mwenyekiti ametukusanya na kututangazia. Mara moja tu. Watu walitazamana tu, mama. Wengine hawajui hata mara moja inafanywaje, ni kipimo gani.”

“Alikuangalia vipi?”

“Hakuniangalia.”

Mwenyekiti mwenyewe alikuja miezi mitano baadaye, mchana, bila wakili. Alikuwa amekonda. Hakuketi. Alizunguka ghala akitazama rafu, akainamia jibini moja na kulinusa, na kwa muda alikuwa kweli mtoto wa mwenye chumba, mtu anayejua anachokinusa.

“Yetu yamekuwa machungu,” alisema.

“Nimesikia.”

“Wanunuzi wanayarudisha. Wanasema hili si jibini la Bonde. Nawaonyesha kanuni, nawaonyesha muhuri. Wanasema wao ulimi wao hausomi.”

“Umekuja kunipa pole au kupewa?”

“Mama, sikiliza.” Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine ila binti wa Mara Mbili, aliyekuwa amerudi kwa chakula cha mchana na kusimama kizingitini. “Nichukue jibini lako. Lote. Nitume gari usiku, lishuke chumbani kwangu, lipate muhuri. Mkaguzi anapima yaliyo kwenye rafu ya mbele tu. Jina utalipata, si ndivyo ulivyotaka? Jibini lako litakaa dukani na jina la Bonde juu yake.”

Mara Mbili alikuwa akikata karatasi za kufungia. Aliweka kisu chini.

“Rudia.”

“Mama...”

“Rudia, nataka binti yangu asikie vizuri. Mikono yangu mmeiweka kwenye jalada bila kichwa. Chumvi yangu mliitia kwenye sheria bila mimi. Nilipoidai, sheria ikaifuta. Sasa unataka na jibini lenyewe, lipite usiku kama kitu cha wizi, mimi nibaki huku?”

“Nataka tuishi wote. Vyumba vikifungwa, unafikiri nani ataumia kwanza? Watu wako! Wa Ng'ambo!”

Hilo nalo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimwongezea hasira. Alikwenda kwenye rafu, akashusha jibini moja, akaliweka mezani mbele yake.

“Chukua hili. Bure. Nenda nalo ukumbini mchana huu huu, liweke mbele ya wenye vyumba wenzako, uwaambie limetoka wapi na nani kalitengeneza. Kisha nyote mwandike barua kwa yule afisa, mseme mnataka hatua zangu mia nne ziingie ndani ya mpaka na chumvi yangu irudi kwenye kifungu, kwa jina langu, kwa mwaka niliokuja. Ukifanya hivyo, kesho njoo na gari. Njoo hata na magari matatu.”

Mwenyekiti alilitazama jibini. Aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayepima homa. Kisha akakiondoa.

“Hawatakubali.”

“Umewauliza?”

“Nawajua.”

“Hujawauliza.”

Alimuaga binti wa Mara Mbili kwa kichwa, akatoka. Walisikia hatua zake zikienda upande wa daraja, za haraka mwanzoni, baadaye za kawaida.

“Ungemjibu kwa upole,” alisema binti yake. “Labda angejaribu.”

“Upole nilimpa toka alipokuwa na surua. Nenda kazini, utachelewa.”

“Kazi gani? Ya kutengeneza uchungu?”

Mara Mbili alirudi kwenye rafu. Kulikuwa na majibini manane ya kugeuzwa saa hiyo, na kugeuza hakungoji. Alilishika la kwanza, akaligeuza, akalibamiza ubaoni. La pili vilevile. Alikuwa akigeuza kama mtu anayefunga milango, mmoja baada ya mwingine, na la tano lilipogonga ubao lilipasuka kutoka ukingoni hadi katikati, na kipande kikubwa kikaanguka sakafuni. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kupasua jibini.

Binti yake aliweka mkoba chini, akainama ili aokote.

“Acha,” alisema Mara Mbili. “Usiguse. Nimelipasua mimi, nitaliokota mimi.”